Mataa Yote Haya, na Maji Hamna?



Ukumbi wetu wa wiki hii tumeupa maudhui ambayo huenda baadhi yenu wakayaona kuwa ni ya vijana na magereji: namna ya kuliandaa gari la pikapu kwa safari ya porini na kupiga kambi. Likizo ya shule imekaribia. Kina mama zaidi ya mmoja, ambao waume au vijana wao wamenunua dabo-kebini, wametuuliza kama ni salama kuwachukua watoto wakalale hemani, mbali na miji. Jawabu letu ni kwamba ni salama, tena kuna kheri ndani yake, kwa sharti kwamba anayeliandaa gari ajue uzito wa kila anachokipakia. Sharti hili hatukulisoma kitabuni. Tulisomeshwa na taniboi wa lori la ng'ombe.

Miaka kadhaa iliyopita mpwa wetu alinunua dabo-kebini iliyokwisha kutumika, akaipamba kama bwana harusi. Mbele aliifunga ngao ya chuma. Nyuma aliifunika kwa kanopi, na juu ya paa akaweka keria, na juu ya keria hema la kukunjua. Ndani alitia friji ndogo na betri ya pili ya kuiendesha. Kisha akapanga mataa safu nzima juu ya kioo cha mbele, na jirani mmoja akasema gari hilo linaweza kuuandamisha mwezi. Nasi tulifurahi pamoja naye, wala hatukumuuliza swali hata moja.

Safari ilikuwa ya kutoka Mombasa hadi Malindi, tulale huko, kisha asubuhi tushike njia ya kando ya mto Sabaki kuelekea lango la Sala, tuingie mbuga ya Tsavo Mashariki na kutokea Voi. Tulikuwa watu watano: mpwa wetu kwenye usukani, sisi, mama watoto, binti yetu wa miaka tisa, na mama yetu mzazi, aliyekuwa amepita miaka sabini na mwenye maradhi ya sukari.

Asubuhi pale Malindi, mizigo ilikataa kuenea. Kulikuwa na mitungi mitatu ya maji, kila mmoja wa lita 20. Tukaitoa miwili ili tupate pa kutia viti vya kukunja na sufuria kubwa ya pilau. Mama watoto alituuliza kwa upole, "Maalim, maji haya mnayaacha kwa nini?" Tukamjibu kwa haraka ya mtu anayejua: "Mbele kuna mto."

Mto upo, na juu kule jina lake ni Galana. Lakini una mamba na viboko, na kwa sehemu kubwa ya njia hauko karibu na gari. Hilo tulikuwa tunalijua vilevile, ila hatukulitafakari.

Wakati ule sehemu kubwa ya njia ilikuwa changarawe na mchanga, yenye mawimbi madogo madogo yanayotikisa gari mfululizo. Kabla ya adhuhuri tukasikia mlio mkavu upande wa nyuma, na gari likalalia kushoto. Springi ya nyuma, ile ya vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ilikuwa imekatika. Tukatoa jeki, ikazama mchangani, kwa kuwa hatukuchukua hata kipande cha ubao cha kuiwekea chini. Tukafungua kanopi kutafuta maji, tukaukuta mtungi umesuguana na kichwa cha bolti tangu Malindi, umetoboka, na maji yote yameshakwenda njiani. Zilisalia chupa mbili ndogo ndani ya gari. Simu haikuwa na mtandao.

Tuliswali adhuhuri kwa tayammum. Mlango huo wa fiq'hi tulikuwa tumeusomesha miaka mingi, tukiwaambia wanafunzi kwamba maji yanayohitajika kwa kunywa hayatumiwi kwa udhu. Siku ile ndipo tulipoifahamu maana yake, tukimtazama mama yetu akilamba midomo mikavu na kukataa kunywa mpaka mjukuu wake anywe kwanza. Kufikia alasiri alikuwa amenyamaza. Ukimwita, hujibu kwa kuchelewa.

Ndipo likaja lori la ng'ombe. Taniboi akaruka chini, akamwona mama, akarudi mbio kuuleta mtungi wake mwenyewe, akamnywesha kidogo kidogo kwa kifuniko. Alipomaliza alilizunguka gari letu, akalitazama kuanzia ngao hadi juu ya paa, akatuambia bila ya kejeli yoyote: "Shekhe, mataa yote haya, na maji hamna?"

Hatukuwa na la kumjibu. Alitusaidia kuifunga springi kwa gogo na kamba, tukarudi Malindi mwendo wa kutambaa. Mama alilazwa usiku ule akatundikiwa maji. Alipona, alhamdulillah, na Mwenyezi Mungu akamjaalia miaka mingine mitano. Katika miaka hiyo hatukuwahi kutoka mlangoni, hata tukienda sokoni tu, ila alitwambia, "Maalim, maji umetia?"

Tuliporejea nyumbani, mama watoto alichukua daftari na mizani. Kitabu cha gari kilisema kwamba mzigo wote unaoruhusiwa, watu wakiwemo, ni kilo 900. Akaanza kuhesabu. Watu watano, kilo 330. Kanopi, 80. Ngao ya mbele, 60. Keria, 40. Hema la juu ya paa, 65. Tairi la pili la akiba, 35. Betri ya pili na waya zake, 30. Friji na vilivyomo, 50. Mafuta ya ziada, 40. Jeki, minyororo na vyombo vya gereji, 50. Sufuria, gesi, viti, meza na magodoro, 110. Nguo na vyakula, 70. Maji, 20. Jumla ilikuwa kilo 980. Tulizidisha kilo 80, na katika mzigo wote ule maji yalikuwa ndiyo machache kuliko kitu chochote.

Wahenga wetu wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Gari nalo tunalifanyia hivyo hivyo. Kwa kuwa halilalamiki, twadhani halichoki. Wala hakuna kitu kimoja kilichoivunja springi ile. Haba na haba hujaza kibaba, na kila haba tuliitia kwa mikono yetu huku tukisema, hiki nacho ni kidogo.

Basi anayetaka kuandaa gari na aanze kwa daftari kabla ya kwenda gerejini. Aandike uzito unaoruhusiwa, atoe watu, atoe maji, kisha aone kilichobaki. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu yake haina uchawi. Katika joto la nyika, sisi tunakadiria lita 10 kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa, kupikia na kujisafisha, na juu yake akiba ya siku moja ambayo haiguswi. Maji yagawanywe katika mitungi kadhaa, kila mmoja ufungwe peke yake juu ya kitambaa kinene, ili mmoja ukitoboka isiwe ndiyo mwisho.

Liko kosa ambalo mafundi wengine huwatia watu ndani yake, nalo ni kufunga springi nzito zaidi na kudhani kwamba mzigo unaoruhusiwa umeongezeka. Springi zitanyanyua gari, lakini breki, ekseli na fremu ni zile zile. Kosa la pili ni kuweka vizito juu. Gari lenye mzigo paani ni kama mtu aliyejitwika gudulia limejaa: akienda pole ataenda, akigeuka ghafla amekwisha. Paa nalo lina kipimo chake kitabuni, na aghalabu ni kidogo kuliko tunavyodhani. Vizito viwekwe chini, mbele ya ekseli ya nyuma, na vifungwe barabara. Mtungi wa gesi uliolegea ni hatari kwa shingo za waliokaa mbele yake.

Fedha za mapambo ziende kwenye matairi. Tairi zima lenye kuta nene lina faida kuliko mataa kumi. Mkifika penye mchanga mzito, punguzeni upepo, kwa mfano kutoka 35 hadi 20 kwa kipimo cha gereji, tairi lipanuke na kuelea badala ya kuchimba, na mwendo uwe wa taratibu. Mkitoka mchangani, jazeni tena kabla ya kukimbia, kwa hiyo pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni ya lazima. Pamoja nayo muwe na beleshi, kamba madhubuti ya kuvutia, na ubao mpana wa kuwekea jeki. Ubao huo ni rahisi, nasi tuliukosa.

Mwenye kutaka friji, sawa, lakini iwe na betri yake, lisije gari likakataa kuwaka asubuhi. Waya unaotoka kwenye betri uwekewe fyuzi karibu kabisa na betri yenyewe, kwa kuwa waya uliochubuka bila ya fyuzi huanzisha moto. Mtungi wa kuzimia moto ukae pale dereva anapoufikia kwa mkono.

Na sasa tunawaelekea kina mama hasa. Msikubali kamwe jiko la makaa, wala meko ya gesi, kuwashwa au kuachwa ndani ya hema au chini ya kanopi, hata usiku ukiwa wa baridi namna gani. Makaa yanayofifia hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na waliolala hawaamki. Msikubali watoto wapandishwe nyuma pamoja na mizigo. Vyakula visilale hemani, kwani nyani na wanyama wengine huvifuata. Sitara ipangwe tangu nyumbani: hema dogo la choo na kuogea lina uzito mchache, na hulinda heshima ya kila mtu. Dawa za wazee na vitambulisho vyenu viwe katika mkoba mmoja unaojulikana na wote. Na aliyebaki nyumbani aachiwe karatasi yenye njia mtakayopita na siku mtakayorudi.

Ndani ya mbuga za taifa hairuhusiwi kuiacha njia wala kupiga kambi popote mtakapo. Malango nayo hufungwa saa 12 jioni, basi hesabuni saa zenu. Na msafiri ana rukhsa zake. Safari ikitimia marhala mbili, yaani kilomita 80 na kitu, anaweza kukusuru na kujumuisha swala. Rukhsa hizo ni rehema kwa aliyejiandaa, wala hazikuwekwa ziwe kisingizio cha uzembe. Tunajua sote ya yule aliyefunzwa kumfunga ngamia wake kwanza kisha atawakali.

Desemba ya mwaka ule tulisafiri tena kwa gari lile lile. Tulitoa ngao, keria, hema la paa, tairi la pili, friji, betri yake, na baadhi ya viti. Tulitia hema la kutandika chini, sanduku la barafu, pampu na ubao. Maji yalikuwa lita 100, na jumla kilo 800. Nafasi ya kilo 100 iliyosalia mama watoto alikataa isijazwe, nasi safari hii hatukubishana naye. Tuliipita ile sehemu ya springi iliyokatika kabla ya jua kupanda, bila ya kusimama. Jioni, karibu na Voi, mama yetu alikaa mbele ya hema akatawadha kwa kikombe kimoja, kisha akatuuliza umebaki mtungi mingapi.

Mama huyo sasa ametangulia mbele ya haki, nasi tunawaomba mumkumbuke katika dua zenu. Na kabla ya likizo hii, mama aliye na daftari asingoje kuulizwa, na baba asione haya kumsikiliza. Roho zinazopanda gari ni amana, na kuihesabu mizigo ni sehemu ya kuichunga amana hiyo.

Wabillahi tawfiq.