Uzembe ndio unaoua magari ya umma

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika baadhi ya ofisi za umma ukuta huo hujengwa mara kwa mara, tena kwa fedha za wananchi, pale gari la dizeli linapotangazwa kuwa limekufa injini ilhali kilichoiua ni chujio la hewa ambalo hakuna aliyelikung'uta, au maji ya rejeta ambayo hakuna aliyeyatazama. Jambo hili lafaa kusemwa bila kuoneana haya, na ni vigumu kupata mahali panapolidhihirisha kuliko Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Katika safari isiyofika kilomita 60 gari hupanda karibu mita 1,000, na hewa hupungua uzito kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi. Injini isiyo na turbo hupata hewa pungufu ya ile iliyozoea, mafuta hayaungui yote, nayo hutoa moshi mweusi. Kisha ziko njia za vijijini, Kibosho, Uru na Old Moshi, zinazopanda na kushuka kati ya migomba na mibuni: wakati wa kiangazi ni vumbi, wakati wa masika ni utelezi. Hizo ndizo njia anazopitia mama mjamzito anayekimbizwa Hospitali ya Mawenzi usiku. Ndizo zipitishazo chanjo na karatasi za mitihani. Gari likizimika hapo, anayeumia ni mwananchi aliyekuwa akilisubiri.

Injini ya dizeli ni shupavu. Haihitaji plagi za kutoa cheche; huibana hewa hadi ikawa na joto la kuwasha mafuta yenyewe. Lakini ina maadui wawili wakubwa, vumbi na maji. Vumbi likipenya katika mpira wa hewa uliopasuka husaga ringi na silinda kama msasa, na injini huanza kula oili. Maji yakiingia katika dizeli hula pampu na nozeli, ambazo nafasi kati ya vyuma vyake ni ndogo kuliko unene wa unywele. Katika baridi ya usiku ya mlimani, tangi lililoachwa nusu hutoa jasho ndani, na jasho hilo hushuka chini ya mafuta. Kwa sababu hiyo dereva mwangalifu hujaza tangi jioni anapomaliza kazi, wala hangoji asubuhi, na humwaga maji yaliyokusanyika katika chujio la dizeli kabla hayajafika kwenye pampu. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu.

Wapo watakaosema kwamba gari lililokwisha kwenda kilomita 300,000 limezeeka, dawa yake ni kununua jipya. Hoja hiyo haina nguvu. Injini ya Land Cruiser iitwayo 1HZ, yenye silinda sita na ukubwa wa lita 4.2, iliyoanza kutumika mwaka 1990, inajulikana kwa kuvuka kilomita 500,000 ikitunzwa. Lakini injini hiyo hiyo ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hugonga valvu, na injini iliyokuwa nzima asubuhi huwa chuma chakavu jioni. Mwezi Oktoba 2024 tamasha la Land Rover mjini Arusha lilikusanya mamia ya magari, yakiwemo yaliyotengenezwa miongo mingi iliyopita, nayo yalifika yakitembea.

Ushahidi mwingine uko katika minada ya Serikali. Gari lililolazwa uani kwa miaka, nyasi zikiota kati ya magurudumu, hununuliwa na mtu binafsi kwa bei ndogo. Fundi hulifungua, hubadilisha kilichokufa, na baada ya miezi michache gari lile lile hubeba watalii au mizigo, likaendelea hivyo kwa miaka. Chuma ni kile kile na milima ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa lina mwenyewe. Je, mali ya wananchi wote ndiyo isiyo na mwenyewe?

Kuna wakati udhuru ulikuwapo. Baada ya vita vya 1978 na 1979, Taifa lilipokuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, magari mengi yalikaa juu ya mawe kwa kukosa vipuri. Leo vipuri vinapatikana madukani, ingawa bandia navyo ni vingi na vinahitaji jicho la fundi. Mafundi wanafunzwa katika vyuo vya VETA, na TEMESA, iliyoanzishwa mwaka 2005, imekabidhiwa matengenezo ya magari ya Serikali. Kilichopungua ni nidhamu.

Hata hivyo si haki kumtupia dereva lawama zote. Dereva anaweza kuandika kwamba breki zimelegea, na mkubwa wake akaamuru safari iendelee. Anaweza kuomba oili, akajibiwa kwamba fungu limekwisha, ilhali fungu la safari halijakwisha. Anayetia sahihi safari ya gari bovu ni mshiriki katika kuliua.

Mambo matatu hayana budi kufanywa. Kwanza, daftari la gari liandikwe kwa ukweli, na lionyeshe saa ambazo injini imefanya kazi pamoja na kilomita. Gari linalopanda Kibosho kwa gia ndogo kutwa nzima huenda kilomita chache, lakini injini huchoka kama iliyokwenda safari ndefu. Kungoja kilomita 5,000 ndipo oili ibadilishwe ni kujidanganya. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, kila fedha ya kununua gari iambatane na fedha ya kulitunza, na fungu hilo lisihamishwe kwa matumizi mengine. Tatu, dereva apewe haki ya kukataa kuondoa gari lenye hitilafu, naye abanwe akishuka mlima kwa gia huru ili kuokoa mafuta, kwani anayefanya hivyo huunguza breki na kuhatarisha maisha ya watu.

Mtumishi wa umma hatakiwi kuwa fundi. Anatakiwa kufungua boneti kabla ya safari, kutazama oili na maji, kuuliza chujio lilisafishwa lini, na kudai jibu lililoandikwa. Mwalimu hudai daftari la mwanafunzi kila siku bila kuona haya. Mkuu wa ofisi naye adai la gari, kabla mgonjwa wa Uru hajangoja gari lisilokuja.