Bonnie na Clyde hawakuwa mashujaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu filamu ya Kimarekani iitwayo "Bonnie and Clyde", iliyoongozwa na Arthur Penn mwaka 1967. Niliiona katika banda la video hapa kijijini, na humo niliwakuta wanafunzi wangu wa darasa la saba. Kesho yake walikuwa uwanjani wakigombania nani awe Clyde. Hakuna aliyetaka kuwa polisi.

Sikatai kwamba filamu hiyo imetengenezwa kwa ustadi, wala kwamba mwishoni wawili hao wanamiminiwa risasi. Lakini wachezaji wake, Warren Beatty na Faye Dunaway, wanapendeza mno. Mtoto anaondoka na mapenzi yao, makosa yao anayaacha bandani.

Ukweli ni mwingine. Genge la watu hao wa Texas liliua watu wapatao 13, wengi wao polisi. Mara nyingi waliibia maduka madogo na vituo vya petroli, siyo benki za matajiri. Juni 1933 Bonnie aliungua vibaya mguu katika ajali ya gari, na tangu hapo akawa mtu wa kuchechemea na kubebwa. Mguu huo haumo katika filamu.

Wala hakimo kisa cha Jumapili ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934. Siku hiyo genge hilo liliua polisi wawili wa barabarani karibu na Grapevine, Texas. Mmoja wao, H. D. Murphy, alikuwa amebakiza siku chache tu afunge ndoa. Mchumba wake alikwenda mazishini amevaa gauni lake la harusi. Je, hao nao hawakuwa wapenzi?

Wiki saba baadaye, Mei 23, Bonnie na Clyde waliuawa huko Louisiana. Bonnie alikuwa na miaka 23, Clyde 25.

Sisemi filamu hiyo ipigwe marufuku. Niliwasimulia wanafunzi wangu habari za gauni lile, na darasa zima likanyamaza. Nawaomba wazazi na walimu wenzangu tusiishie kuwafukuza watoto mabandani kwa fimbo. Tukae nao, tuwaeleze na yale ambayo filamu imeyaacha.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.