Mtoto Apimwe ili Asaidiwe, Asipimwe ili Atengwe

Hivi karibuni mzazi mmoja alifika katika ofisi yetu akiwa na huzuni. Mwanawe wa miaka minne alikuwa amepelekwa kufanya mtihani wa kuingia shule ya awali. Akaonyeshwa picha ya sanamu ya theluji, ile wanayoijenga watoto wa Ulaya wakati wa baridi, akaulizwa ni kitu gani. Mtoto akaitazama kwa makini, akajibu kwa Kiswahili ya kwamba ni ugali uliovaa kofia. Akahesabiwa amekosa, na mzazi akaambiwa kuwa akili ya mwanawe bado nzito, akatafute shule nyingine.

Sisi twaona ya kwamba jibu lile halikuwa la mtoto mzito. Mtoto asiyepata kuona theluji tangu azaliwe, akaona kitu cheupe cha mviringo na kukilinganisha na cheupe akijuacho, amekwisha kufanya kazi yote ya akili iliyotakiwa. Aliyekosa ni yule aliyeuliza. Lakini kisa hiki chatulazimisha kusema neno juu ya jambo kubwa zaidi, yaani upimaji wa akili za watoto. Kwa kuwa wazazi wengi huletewa hukumu za vipimo hivi bila ya kuelezwa asili yake wala mipaka yake.

Kipimo hiki kilianzia Ufaransa. Mwaka 1904 serikali ya nchi hiyo iliunda tume ya kuwaangalia watoto ambao hawakufaidika na mafundisho ya kawaida shuleni. Mwaka uliofuata, mtaalamu Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatoa majaribio 30, kuanzia yaliyo mepesi hadi yaliyo magumu. Mwaka 1908 wakayapanga upya kwa umri, tangu miaka 3 hadi 13. Yale ambayo wengi wa watoto wa umri fulani waliyaweza, yakawa ndiyo ya umri huo. Hivyo mtoto wa miaka 8 aliyeyaweza ya miaka 6 tu, akasemwa kuwa umri wake wa akili ni miaka 6.

Nia ya Binet ilikuwa njema. Alitaka kumtambua mtoto aliyebaki nyuma ili afundishwe kwa namna imfaayo. Hakuamini kabisa ya kwamba akili ni kitu kilichopimwa mara moja kikafungwa. Aliwapinga waziwazi waliosema hivyo, na akatunga mazoezi ya kunoa usikivu na kumbukumbu za watoto wazito. Lakini Binet alifariki mwaka 1911, na chombo alichokitengeneza kikaingia katika mikono ya watu wengine.

Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alishauri umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akaizidisha hesabu hiyo kwa 100, na tangu hapo mtoto akawa na namba yake. Namba ni kitu kinachopendeza, maana huonekana kuwa haina upendeleo. Hata hivyo na tuitazame vizuri. Mtoto wa miaka 4 aliyebaki nyuma kwa miaka miwili hupata 50, na mtoto wa miaka 12 aliyebaki nyuma kwa miaka miwili ile ile hupata 83. Upungufu wa miaka ni mmoja, na hukumu ni mbili.

Wataalamu wenyewe walikwisha kuiacha hesabu hiyo. Siku hizi mtoto hulinganishwa na wenzake wa rika lake. Wastani huwekwa kuwa 100, na watoto wapatao 68 katika kila 100 huwa baina ya 85 na 115. Hii ni njia bora zaidi, lakini yasimama juu ya nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ni umri wa kweli. Wako bado watoto wetu wasio na cheti cha kuzaliwa, ambao umri wao hukisiwa kwa kimo au kwa msimu wa mvua. Mtoto wa miaka 8 akiandikwa kuwa ana 10, atalinganishwa na waliomtangulia kwa miaka miwili, naye ataonekana mjinga kwa kosa la karani. Nguzo ya pili ni hao wenzake. Ikiwa wastani ulipatikana kwa watoto wa nchi nyingine na lugha nyingine, basi mtoto wetu hakulinganishwa na wenzake hata kidogo.

Yaliyotokea pale mipaka hii iliposahauliwa yafaa yakumbukwe. Katika jimbo la Virginia, Marekani, msichana mmoja aitwaye Carrie Buck alipimwa, akasemwa kuwa ana akili ya mtoto wa miaka tisa. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliruhusu afungwe kizazi bila ya ridhaa yake, na jambo hilo likafanyika. Binti yake, aliyetolewa ushahidi kuwa ana kasoro angali mchanga wa miezi michache, alikwenda shule akafikia kuandikwa katika orodha ya wanafunzi wanaosifiwa, kabla ya kufariki akiwa na miaka minane. Namba ilikuwa imekwisha kumhukumu kabla hajajua kusema.

Nchini Uingereza, baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1944, mtihani wa umri wa miaka 11 uliwagawa watoto: wachache katika shule za njia ya vyuo vikuu, na wengi kwingineko. Mwaka 1971 mwalimu Bernard Coard, mzaliwa wa Grenada, alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi watoto wa wahamiaji wa West Indies walivyorundikwa katika shule za wapungufu wa akili. Huko California, mwaka 1979, mahakama ilikataza vipimo hivi visitumiwe kuwatia watoto weusi katika madarasa ya namna hiyo. Wala Afrika Mashariki haikusalimika. Katika miaka ya 1930 madaktari Gordon na Vint walioko Kenya walidai ya kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu tangu kuzaliwa. Ukoloni ulifurahi kupewa ushahidi wa namna hiyo.

Je, watoto wa Afrika wakipimwa kwa vitu wavijuavyo huwaje? Mwaka 1979 mtaalamu Robert Serpell alitoa matokeo ya kuwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza. Katika kuchora kwa kalamu, wa Uingereza waliwashinda wenzao. Katika kuunda vitu kwa waya, kazi ambayo watoto wetu huifanya kila siku wanapojitengenezea magari ya kuchezea, wa Zambia waliwashinda wa Uingereza. Karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa shule, wakawapa mafunzo mafupi, kisha wakawapima tena. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2002, yalionyesha ya kwamba alama zilipanda baada ya mafunzo hayo mafupi. Kitu kinachopanda kwa mafunzo ya muda mfupi hakiwezi kuitwa majaliwa ya mtu ya maisha.

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wazee wetu nao waliwapima watoto, kwa vitendawili na kwa bao, na kwa kuwatuma shambani na pwani. Lakini mtoto aliyeshindwa kitendawili aliambiwa atoe mji, akafunuliwa jibu, na jioni ya pili akakaribishwa tena barazani. Hakufukuzwa.

Hatusemi ya kwamba vipimo vitupwe. Kusema hivyo kungekuwa ni kuwadhulumu watoto wenye ulemavu wa akili, ambao wakitambuliwa mapema na kupewa walimu wanaojua kazi yao, hupiga hatua ambazo hakuna aliyezitazamia. Wapo pia wale waliodhaniwa wajinga kwa miaka mingi, kumbe masikio yao hayasikii vema au macho hayaoni ubao. Kwao kipimo kilichofanywa kwa uangalifu ni mlango wa kutokea gizani. Tukipingacho ni kipimo kugeuzwa kufuli.

Kwa hiyo twatoa rai yetu. Kwanza, mtoto asipimwe akili kabla ya kupimwa macho na masikio, wala asipimwe akiwa na njaa au homa. Pili, umri wake uthibitishwe, na apimwe kwa lugha anayoiota usiku. Tatu, vyuo vikuu vyetu vitengeneze vipimo ambavyo wastani wake umetoka kwa watoto wetu wenyewe, wa mjini na wa shamba, navyo vifanywe upya kila baada ya muda. Kwani James Flynn alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1980 ya kwamba alama za mataifa mengi zilikuwa zikipanda kizazi baada ya kizazi. Nne, alama ya mtoto mdogo isiwe neno la mwisho. Apimwe tena, na mzazi aelezwe matokeo kwa maneno anayoyafahamu. Tano, shule za awali ziache kuwachuja watoto wa miaka mitatu na minne kwa mitihani, kwa maana alama za umri huo hubadilika sana mtoto anapokua.

Wazazi nao wana wajibu wao. Mwalimu akikuletea namba, muulize: amepimwa na nani, kwa lugha gani, akilinganishwa na watoto wa wapi, na je, shule itamsaidiaje baada ya hapo? Akikosa jibu la swali hilo la mwisho, basi upimaji ule haukufanywa kwa faida ya mwanao.

Tumearifiwa ya kwamba yule mtoto wa ugali na kofia amepata shule nyingine. Twamtakia heri, na twawaomba walimu wake wamsikilize kwa makini kila anapojibu.