Chakula cha Siku ya Mpira

Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa Temeke, Dar es Salaam, mwaka 2007, una nafasi ya watu 60,000. Siku Simba na Yanga wakutanapo, wengi hufika tangu asubuhi, ilhali mchezo mara nyingi huanza jioni. Basi twauliza: umati huo wote hula wapi?

Wenye fedha huenda hotelini. Walio wengi hulishwa na mama lishe na wachuuzi wa kando ya njia ziendazo uwanjani, upande wa Chang'ombe na Keko. Huko hupatikana wali kwa maharage, mihogo ya kukaanga yenye pilipili, mishikaki, madafu, na kahawa kwa kashata. Twawashauri wenzetu wale kwa yule ambaye sufuria yake ingali motoni, na mwenye maji ya kunawa. Chakula kilichopoa tangu asubuhi katika joto la Pwani wakiache, hata kikiwa rahisi.

Wako wasemao kwamba mama lishe waleta uchafu, yafaa waondolewe. Mwaka 2021 wachuuzi waliondolewa kando ya barabara nyingi za mji huu, wakaambiwa waende mahali palipotengwa. Hatukatai kwamba njia yapasa kuwa wazi. Twasema neno moja tu: uchafu hautokani na mpishi, watokana na kukosa bomba, choo na pipa la taka. Amwondoaye mama lishe asimpe mahali karibu na wateja wake, hapunguzi njaa ya watu. Amfanya apike kwa kujificha, ambako Bwana Afya hamwoni.

Jambo hili latuhusu hasa sisi watumishi wa Serikali, kwani amri za kuwaondoa huandikwa kwa kalamu zetu. Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Kwa ajili ya michezo ya namna hiyo, karani aandikaye habari za kusafisha mji na aandike kwanza habari za bomba na choo, na mahali pa kupikia penye kivuli, kisha ndipo aandike za kuwapanga watu.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama lishe naye ni mwenyeji.