Dodoma nayo ipewe bustani ya mimea ya ukame





Mwaka jana shule anayosoma mjukuu wangu ililetewa miche ya kivuli. Kila mtoto akaagizwa kwenda na kidumu cha maji asubuhi. Mvua yetu ni kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, na huanza Desemba kukoma Aprili. Ilipofika Agosti maji ya bomba yakawa ya mgawo, vidumu vikaenda jikoni kupikia uji, miche yote ikakauka. Ng'ambo ya barabara, ua wa minyaa wa mzee mmoja ulikuwa kijani kibichi, wala hakuna aliyeumwagilia.

Kosa si la watoto wala la ardhi. Kosa ni kupanda bila kujua mmea gani unaivumilia nchi hii.

Taifa letu linayo bustani ya mimea ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima ya Usambara. Ni bustani yenye sifa, lakini iko penye mvua tele. Kinachostawi Amani si lazima kistawi Ugogo. Wenzetu wenye nchi kavu waliliona hilo mapema. Afrika Kusini ilianzisha bustani ya Karoo mwaka 1921, na mji wa Phoenix, Marekani, una bustani ya mimea ya jangwani tangu 1939. Mwananchi akifika huko huuona mmea uliokwisha kukua, akajua jina lake na mahitaji yake.

Napendekeza Halmashauri ya Jiji, ikisaidiwa na mabwana misitu na vyuo vyetu, itenge hata ekari tano za bustani na kitalu. Humo iwepo mibuyu, mikwaju, migunga, mishubiri na dungusi kakati. Dungusi huweka akiba ya maji shinani, na vitundu vyake vya kupitisha hewa huvifunga mchana wa jua kali na kuvifungua usiku. Mtoto akionyeshwa hayo kwa macho hatayasahau.

Lakini wataalamu wawepo, maana si kila kinachovumilia ukame kinafaa. Mpungate uliotoka Amerika umevamia malisho ya Laikipia, Kenya, na miiba yake inaumiza mifugo. Hata minyaa niliyoisifu ina utomvu unaodhuru macho, haifai kuwa karibu na watoto wanapochezea. Mishubiri nayo ioteshwe kitaluni, tusiende kuing'oa porini mpaka iishe.

Najua wapo watakaosema bustani ni anasa wakati watu hawana maji. Mimi nasema ndiyo sababu hasa. Kila mche usiofaa tunaoupanda unakunywa maji ya mtu, kisha unakufa. Mama anayenunua ndoo ya maji hawezi kuambiwa amwagilie ua la mapambo.

Naomba wahusika walifikirie jambo hili kabla mvua hazijaanza. Tusiwatume tena watoto wetu kubeba maji ya kumwagia miti iliyokwisha hukumiwa kufa siku ilipopandwa.

Mzee wa Kizota,
Dodoma.