Simu zikiingiliana, msikimbilie kuzima seva

Na Salma Mbwana

Ofisi nyingi zilizohamia simu za intaneti zina dawa moja kwa kila ugonjwa: zima, washa. Sauti ikikatika, zima. Hata anaposikika mtu asiyejulikana akitaja deni lake katikati ya maongezi ya wengine, seva inazimwa, kimya kinarudi na fundi anashukuriwa. Hapo ofisi imepoteza ushahidi, kwa sababu sauti ngeni kwenye simu ya aina hii ina chanzo kinachotafutika, na mara nyingi hakipo pale kinapolaumiwa.

Kwenye simu za zamani, laini kuingiliana lilikuwa suala la umeme: nyaya za shaba zikilala sambamba, mawimbi ya moja huingia kwenye nyingine. Ndiyo maana mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipata hataza ya kuzisokota jozi kwa jozi. Simu ya intaneti hukata sauti vipande vipande. Kwa kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 kila kipande kwa kawaida huwa cha milisekunde 20, yaani pakiti 50 kwa sekunde, kila moja na anwani yake. Pakiti hufika, huchelewa au hupotea, lakini haichuruziki kwenda kwa jirani. Basi akisikika mtu baki, ama sauti yake imeingia mahali ambapo bado ni hewa au umeme (maikrofoni inayonasa meza ya pili, waya wa mkono wa simu, adapta ya simu za zamani, laini za shaba zilizobakizwa kwa kupiga nje), ama pakiti zake zimepelekwa kusikostahili. Sikio husaidia kutofautisha. Sauti hafifu inayosikika nyuma ya mwenzako huelekeza kwenye shaba au maikrofoni. Sauti safi inayochukua nafasi yake huelekeza kwenye anwani. Kisha piga ndani kwa ndani, halafu nje. Hitilafu ikijitokeza kwenye simu za nje tu, swichi za ofisini ziacheni kwanza.

Wapo watakaosema kwamba nyaya za mtandao nazo ni za shaba. Kweli, nazo zimesokotwa kwa sababu ileile. Ila zikiingiliana huharibu pakiti, na matokeo yake ni sauti ya kukatikakatika, si maneno ya mtu mwingine. Hoja nzito zaidi ni ya meneja: wateja wanasubiri, nani ana muda wa uchunguzi? Namwelewa, lakini kuandika saa na namba zilizohusika, na kuhifadhi orodha ya simu zilizokuwa hewani kabla ya kuzima, ni kazi ya dakika chache. Mwaka 2017 ilitangazwa kasoro katika Asterisk, programu inayoendesha seva nyingi za simu, iliyoweza kumpa mtu wa nje sauti za maongezi yasiyomhusu. Kasoro kama hiyo haiponi kwa kuwasha upya. Inahitaji toleo lililorekebishwa, na ni busara kusimba sauti kwa itifaki ya SRTP ili pakiti zikipotea njia zisieleweke. Tanzania ina sheria ya taarifa binafsi ya mwaka 2022, Kenya ya 2019, na zote zinamtaka anayeshika taarifa hizo azilinde. Hospitali ambayo majibu ya mgonjwa yamesikika kwenye simu ya mhasibu itaulizwa yalifikaje huko, na “tulizima tukawasha” halitakuwa jibu.