Vikombe vya umeme vya kioo: Nani alipe vikipasuka njiani?

Laini za umeme zinazovuka mipaka ya Afrika Mashariki zinaongezeka. Umeme wa Ethiopia ulianza kuingia Kenya Novemba 2022 kupitia laini ya kilovolti 500 inayoishia Suswa, na mwishoni mwa 2024 ikawashwa ile ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida. Kwa wenye malori, miradi ya namna hii ni shehena za nyaya, vyuma na vikombe. Vikombe vya kioo ndivyo vyenye ugomvi: kreti inafunguliwa, ndani kuna chenga, na kidole cha kwanza huelekezwa kwa dereva.

Kidole hicho hakielekezwi sawasawa kila mara.

Mchanga wa silika, magadi na chokaa huyeyushwa kwa joto la nyuzi kama 1,500, kisha kioo hugandamizwa kwenye kalibu na kupulizwa hewa baridi kwa nguvu. Ngozi ya nje huganda kwanza. Kiini hupoa baadaye, husinyaa na kuivuta ngozi, nayo hubaki imebanwa. Mvutano huo ndio unaokipa kikombe nguvu, na ndio unaokisambaratisha chote mara moja kikipata hitilafu.

Sasa, kijiwe kidogo kilichobanduka tanurini, au chembe ya salfidi ya nikeli, ikibaki ndani ya kiini huweza kukipasua kikombe miezi kadhaa baadaye bila kuguswa na mtu. Ndiyo maana viwanda makini huvipitisha vikombe katika mshtuko wa joto na baridi, ili vibovu vipasukie huko huko. Vikishafungwa kofia ya chuma na pini kwa saruji, kila kimoja huvutwa. Cha daraja la U120 hakitakiwi kukatika chini ya kilonyutoni 120, yaani tani 12 hivi.

Kiwanda kinachoruka mshtuko huokoa fedha, na hasara humfuata msafirishaji aliyesaini kuwa mzigo ni salama mbele ya kreti zilizopigwa misumari. Bima nayo haisaidii sana, kwani mikataba mingi ya bima ya mizigo hailipi kasoro iliyomo ndani ya bidhaa yenyewe.

Hata hivyo, madereva nao wasijifiche humo. Ubao uliovunjika na vikombe vilivyopasuka kwa kundi upande mmoja ni dalili ya pigo au mzigo uliolegea. Kreti isiyo na alama yoyote, yenye kikombe kimoja kilichogeuka chenga katikati ya vizima, inaelekeza maswali kiwandani.

Nafuu ni kwamba kioo hakifichi ufa kama kauri: ni kizima au kimesambaratika, na karani yeyote anaweza kuhesabu. Basi kreti chache zifunguliwe bandarini kabla ya kusaini, na idadi iandikwe kwenye hati ya mizigo. Forodha wakifungua tena mpakani, hesabu irudiwe na picha zipigwe mbele yao. Alama ya mtengenezaji, mwaka na daraja kwenye kikombe vilinganishwe na cheti cha majaribio cha IEC 60383-1. Cheti cha mwaka mwingine hakithibitishi chochote kuhusu mzigo ulio juu ya lori.